Kamera ya Kulinda Nyumba



Siku ya kwanza ya muhula huu mwalimu wa zamu alituuliza mstarini: kila mmoja wetu amejifunza nini likizoni? Wengi walicheka, na mmoja akajibu kwamba amejifunza kulala. Mimi nilinyamaza, maana jibu langu lilikuwa refu na jua lilikuwa kali. Nimeona yafaa niliandike katika gazeti letu, kwa kuwa wazazi nao hulisoma, na pengine litawafaa.

Nyumbani kwetu ni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Baba ni dereva wa lori, na mara nyingi yuko safarini. Mama huuza nguo sokoni. Mchana nyumba yetu hubaki peke yake. Mwezi wa Desemba 2024 tuliibiwa pampu ya maji na mtungi wa gesi. Wakati ule palikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia kulima bustani na kuchota maji. Hakuna aliyemwambia neno, lakini kila alipoingia uani macho yetu yalimwuliza. Baada ya juma moja aliaga kwa adabu, akaenda zake. Hata leo hatujui aliyeiba ni nani. Mimi nami nilimtazama kama wenzangu walivyomtazama, na jambo hilo limenikaa moyoni kuliko hasara ya pampu.

Basi, likizo ya Juni 2025 mama alinunua kamera ndogo kwa shilingi 85,000, ya namna ile inayotazamwa kwa simu janja, akanipa kazi ya kuifunga. Alisema, "Wewe ndiye unayesoma fizikia." Nataka kueleza hapa jinsi kamera hiyo ifanyavyo kazi, makosa niliyoyafanya, na jambo nililojifunza mwishoni.

Wazo la kulinda nyumba kwa kamera si jipya. Mmoja wa waliolianzisha ni Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens katika jiji la New York, Marekani. Kazi yake ilikuwa ya saa zisizo za kawaida, na polisi walikawia kufika walipoitwa mtaani kwao. Mwaka 1966 yeye na mumewe, Albert Brown, waliomba hataza ya mtambo walioubuni, wakaipata tarehe 2 Desemba 1969. Mlango wao ulikuwa na matundu manne ya kuchungulia, ya watu warefu na ya wafupi, na nyuma yake kamera iliyopanda na kushuka. Picha ilionekana katika televisheni chumbani. Mwenye nyumba aliweza kusema na mgeni, kumfungulia mlango kwa kubonyeza kitufe, au kupiga kengele ya hatari. Lakini ilimpasa awe ndani ya nyumba. Siku hizi mama huliona geti letu akiwa sokoni.

Huliona kwa njia gani? Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kuna kibamba kidogo chenye nukta zinazohisi mwanga. Kamera yetu ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2. Kila nukta hupima mwanga unaoifikia na kuugeuza kuwa tarakimu, na kazi hiyo hufanyika mara 15 kila sekunde. Kama tarakimu zote zingepelekwa kama zilivyo, bando lisingetosha hata kidogo. Kwa hiyo kamera hupeleka picha moja kamili, kisha kwa muda huarifu tu zile sehemu zilizobadilika. Ndiyo maana ukuta uliotulia hugharimu kidogo, na mgomba unaopigwa na upepo hugharimu sana.

Kutoka kwenye kamera picha husafiri kwa mawimbi ya redio, ambayo watu huyaita waifai, mpaka kwenye ruta iliyo sebuleni. Ruta yetu ina laini ya simu ndani yake, nayo huipeleka picha kwenye mnara, na kutoka mnarani huingia katika intaneti. Mama akifungua programu ya kamera katika simu yake, seva za kampuni iliyoitengeneza huikutanisha simu na kamera, na picha humfikia baada ya sekunde chache. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi, na kamera nyingi za bei nafuu hupokea hayo tu. Nilipoteza asubuhi nzima kabla ya kulijua hilo.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi huingia hasara. Picha inayotumia biti milioni 1 kwa sekunde, ikitazamwa saa moja, ni biti milioni 3,600. Biti 8 ni baiti 1, basi hizo ni megabaiti 450. Kwa siku nzima ni gigabaiti 10.8. Familia gani itanunua bando hilo kila siku? Kwa hiyo sisi tuliweka memori kadi ya gigabaiti 64 ndani ya kamera. Hiyo huhifadhi picha za siku zipatazo 6, kisha za zamani hufutwa ili mpya zipate nafasi. Intaneti hutumika tu kamera inapoona kitu kinakwenda na kuipigia simu ya mama mlio wa tahadhari, au yeye mwenyewe anapotaka kutazama.

Umeme wake si mwingi. Kamera ya volti 5 na ampea 1 hula wati 5, yaani wati-saa 120 kwa siku, ambazo kwa siku 30 ni uniti 3.6. Shida huja umeme unapokatika, kwa kuwa ruta nayo huzimika, na kamera isiyo na ruta haiwezi kumwita mtu aliye mbali. Ruta ikila wati 5 pia, betri ya akiba yenye wati-saa 37 haifikishi saa 4 ikiendesha vyote viwili. Wezi nao wanajua kwamba giza ni rafiki yao.

Ama kuhusu makosa yangu, kosa la kwanza ni kwamba niliiweka kamera ndani ya dirisha, nyuma ya kioo, ili isinyeshewe. Mchana picha ilikuwa safi. Usiku hatukuona kitu ila ukungu mweupe. Sababu yake ni hii: gizani kamera huwasha taa za infraredi, ambazo miale yake haionekani kwa macho yetu, na kioo kiliirudisha miale hiyo kwenye lenzi. Nikaihamishia nje, chini ya paa.

Kosa la pili, niliifunga juu mno. Baba aliporudi safarini tuliona kofia yake tu, uso hatukuuona. Nikaishusha mpaka mita 2.5 hivi.

Kosa la tatu lingeweza kuwa baya kuliko yote. Neno la siri la kamera lilikuwa lile lililotoka nalo kiwandani, nami nikaliacha, kwa kuwa lilikuwa rahisi kukumbuka. Mwaka 2016 programu ovu iitwayo Mirai ilivamia vifaa vingi sana duniani, zikiwemo kamera, kwa kujaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa. Kamera ambayo neno lake la siri lajulikana na kila mtu ni mlinzi aliyemwachia mwizi ufunguo. Tulichagua neno refu, ambalo hatulitumii mahali pengine, na mama akaliandika katika daftari lake la hesabu.

Kosa la nne halikuwa la fizikia. Siku ya tatu nilimkuta bibi jirani amekaa kibarazani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo jicho mlilotundika pale hulala saa ngapi?"

Nikacheka, nikamwambia halilali.

Yeye hakucheka. "Basi na mimi nitawia udhu wapi?"

Nilikwenda kutazama katika simu. Kweli, nusu ya picha ilikuwa ua wa bibi: mtungi wake, kamba yake ya nguo, na bafu lake la makuti lisilo na paa. Niliona haya. Katika somo la Uraia tumefundishwa kwamba Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 humpa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, familia yake na maisha yake ya faragha. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nilikuwa nimeyajibu hayo katika jaribio na kupata alama nzuri, kisha nikayasahau juu ya ngazi. Jioni ile niliigeuza kamera itazame geti letu na pampu yetu tu, na sehemu iliyobaki ya ua wa jirani nikaifunika kwa kivuli cheusi, kwa maana programu ina njia ya kufanya hivyo. Kisha mama akaenda na simu kwa bibi, akamwonyesha kila kinachoonekana. Bibi akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa sawa."

Juma la mwisho la likizo tulikwenda sote Iringa msibani. Usiku wa pili, saa nane, simu ya mama ililia. Tuliona mtu ameinama kwenye pampu mpya. Mama alitaka kupiga kelele, lakini kelele za Iringa zingefika wapi? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Akampigia bibi jirani. Bibi aliwasha taa ya nje, akaita kwa sauti, "Nani hapo?", na wanawe wawili wakatoka. Yule mtu akaruka ukuta akakimbia. Pampu ilibaki na bolti moja.

Tuliporudi tulitazama picha tena na tena. Alivaa koti na kofia, uso hauonekani. Ndugu yetu mmoja akasema, "Kimo hiki ni cha yule kijana wenu wa bustani," akataka picha ipelekwe katika kundi la simu la mtaa na kuandikwa chini yake kwamba huyu ni mwizi. Wasomaji, ninyi mnajua yanayoweza kumpata mtu aliyekwisha kuitwa mwizi mtaani. Mara nyingine hafiki polisi akiwa hai. Mama alikataa. Alisema, "Kimo si ushahidi. Tulimfukuza kwa macho mara moja, yatosha." Akaipeleka picha serikali ya mtaa, na kisha polisi.

Huko polisi nilijua kosa langu la tano. Afisa aliuliza kwa nini picha ya usiku wa manane imeandikwa saa moja asubuhi. Kamera ilikuwa ingali na saa za China, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa 5, nami sikuzirekebisha. Shahidi asiyejua saa ni shahidi dhaifu. Mpaka naandika makala hii mtu yule hajajulikana.

Basi, mzazi anayetaka kununua kamera, nampa shauri hili. Ifunge nje ya kioo, pasipo juu mno. Badili neno la siri siku ile ile. Sahihisha saa yake. Iwekee betri ya akiba, pamoja na ruta. Wajulishe wanaoishi na kufanya kazi nyumbani kwako kwamba ipo, na mwonyeshe jirani kile inachokiona. Zaidi ya hayo, usiichukue kuwa hakimu. Kamera yetu iliona, lakini aliyeiokoa pampu ni bibi, ambaye tulikaribia kumkosea heshima. Na kama tungeiacha itusemee lile isilolijua, ingemdhuru mtu ambaye hatuna neno la kweli juu yake.

Naambiwa yule kijana sasa anaosha magari Kihonda. Mtihani wa Novemba ukiisha, nitakwenda kumtafuta nimwombe radhi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne