Nyumba ya Urithi Kariakoo: Tuandikiane Kabla ya Kubomoa

Anayepita leo Mtaa wa Sikukuu, Mtaa wa Swahili au Mtaa wa Congo hulazimika kuinua shingo ndipo aione mbingu. Pale palipokuwa na paa la bati, baraza na mlango uliokuwa wazi tangu alfajiri hadi baada ya Isha, leo pamesimama ghorofa la maduka. Sisi hatulipingi ghorofa. Mji unakua, biashara ni riziki, na kiwanja ni mali ya mwenyewe. Tunalouliza katika ukurasa huu wa familia ni hili: nyumba ile ilipobomolewa, waliokuwa wakilala humo walikwenda wapi?

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Baada ya vita mitaa ikanyooshwa, viwanja vikagawiwa, na wenyeji wakajenga nyumba ya Kiswahili tunayoijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, choo na pengine vyumba viwili vya nyongeza. Mwenye nyumba aliishi na wapangaji wake chini ya paa moja, na mara nyingi chumba kimoja kilikuwa kaya nzima. Kwa hiyo ikibomolewa nyumba moja, si familia moja inayohama, bali huenda zikawa sita au nane.

Nyumba hizo hazikukosa nafasi ya mgeni. Mwalimu Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, alipokewa na Abdulwahid Sykes nyumbani kwake Kariakoo. Hiyo ndiyo desturi ya mitaa hii: aliyefika hakulala nje.

Sasa tutazame namna nyumba inavyoondoka. Mzee anafariki. Watoto wametawanyika, huyu Mbagala, yule Tabata, mwingine yuko Muscat. Anatokea mwekezaji mwenye maneno matamu: nyinyi mna kiwanja, mimi nina fedha, tujenge kwa ubia. Kaka mkubwa anatia saini. Mama anaambiwa ahamie kwa binti yake, pembezoni mwa mji, "kwa muda". Wapangaji wanapewa notisi. Miaka inapita, jengo linakamilika, maduka yanapangishwa, na mama bado analala sebuleni kwa mkwewe. Akiuliza chumba chake ki ghorofa ya ngapi, hakuna mwenye karatasi ya kumjibu.

Ndugu msomaji, hapa hatuna haja ya kubuni sheria mpya. Mwenyezi Mungu amekwisha kutugawia. Yakishatolewa gharama za maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi, aya za 11 na 12 za Suratun-Nisaa zimeweka mafungu wazi. Tuchukue mfano wa marehemu aliyeacha mjane mmoja, wana wawili na mabinti watatu, na wazazi wake walikwishatangulia. Mjane ana thumuni, yaani fungu moja katika manane. Mafungu saba yaliyobaki ni ya watoto, mwana akipata mara mbili ya binti: kila binti fungu moja, kila mwana mafungu mawili. Moja la mama, matatu ya mabinti, manne ya wana, jumla manane.

Mafungu hayo hayafi nyumba inapobomolewa. Familia ikipata nyumba nane katika ghorofa jipya zilizo sawa kwa thamani, moja ni ya mama kwa haki, wala si kwa hisani ya wanawe. Ikipata maduka, basi thumuni ya kodi ya kila mwezi ni yake, naye binti aliye Muscat ana yake vilevile. Kutia saini kwa niaba ya ndugu bila ridhaa yao ni kula haki ya mtu, hata kama aliyeliwa ni dada asiyesema neno.

Wengi wetu huchanganya mambo mawili. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama si mmiliki wa nyumba. Ni mwenye amana: hukusanya mali, hulipa madeni, huwagawia warithi, kisha hutoa hesabu mahakamani. Nayo sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inawezesha kila nyumba ndani ya ghorofa kuwa na hati yake. Basi kwa nini mama aridhike na ahadi ya mdomo?

Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatufundisha kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Nao wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kabla nyundo haijagusa ukuta, warithi wote wakae pamoja, wanawake na wanaume, wawe na mwanasheria wao wasiyeletewa na mwekezaji, na waandike haya: nani ana fungu gani, familia itapata sehemu zipi, ghorofa ya ngapi, mwekezaji atashika zake kwa miaka mingapi, jengo likamilike lini, na likichelewa iweje, na nani atalipa kodi ya mahali atakapolala mama hadi siku ya kurejea.

Waulize pia juu ya uimara wa jengo, kwani jambo hili limetuliza. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, ghorofa lilianguka hapa hapa Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Kibali cha ujenzi na mhandisi aliyesajiliwa ni kinga ya roho za watu, na mwenye kiwanja ana haki ya kuviona kwa macho yake.

Wapo watakaosema kwamba anayebomolewa harudi kamwe. Si kweli. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa na nyumba zao zikavunjwa. Walihangaika kwa takriban muongo mmoja katika nyumba za kupanga, na baadhi walifariki kabla ya kurejea. Lakini orodha ya majina yao haikupotea, nao hawakuacha kuidai haki yao. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba 644 mahali pale pale, ili zilingane na hesabu ya kaya zilizoondolewa. Ikiwa kaya 644 ziliweza kurejea kwa sababu zilihesabiwa, vipi familia moja ya warithi sita ishindwe kuandikiana karatasi?

Tusimsahau mpangaji. Yeye hana fungu katika mirathi, lakini ana haki ya jirani, na wengine wamemuuguza marehemu kuliko wanawe. Apewe muda wa kutosha kutafuta chumba kingine, arudishiwe kodi aliyolipa mbele, na asitolewe vitu nje mvua ikinyesha.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Mola wetu ameitaja nyumba kuwa ni neema ya utulivu. Wewe ambaye mazungumzo na mwekezaji yamekwisha kuanza nyumbani kwenu, Ijumaa hii baada ya swala mpigie simu mama, umwulize ameambiwa atalala wapi. Kisha uombe kuiona karatasi.

Wabillahi tawfiq.