Kompyuta Ikisema Rejista Inabadilishwa, Tufanyeje?

Vikundi kadhaa vimetuuliza jambo moja. Katibu ameketi anaandika kumbukumbu za mkutano, mara kisanduku kinatokea kwenye kioo cha kompyuta. Programu ya ulinzi inasema kuna kitu kinataka kubadilisha rejista. Chini yake kuna vitufe viwili: Allow, yaani ruhusu, na Deny, yaani kataza. Sasa abonyeze kipi?

Sisi wenyewe ofisini tumejaribu njia zote mbili, tukajuta kote kote. Mwanzoni tuliruhusu kila kitu ili kazi iendelee, hadi siku moja mashine ikawa nzito kama imefungwa mawe, na hesabu za miezi miwili tukazipata kwenye vitabu vya karatasi tu. Baadaye tukawa wakali, tukakataza kila kitu. Printa mpya ikakataa kufanya kazi, kumbe tulikuwa tumeifungia mlango sisi wenyewe.

Hebu tueleze rejista ni nini. Kikundi chenu kina daftari: nani ni mwanachama, nani mweka hazina, nani anatia sahihi benki. Kompyuta ya Windows nayo ina daftari lake, na tangu Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, humo ndimo inamoandika sehemu kubwa ya mipango yake. Printa gani imeunganishwa, faili hii ifunguliwe na programu ipi, na programu zipi ziamke zenyewe mashine ikiwashwa. Daftari hili huandikwa wakati wote, hata wewe ukiwa umekwenda kunywa chai. Mlinzi hakuonyeshi yote. Hukaa karibu na kurasa chache tu, zile ambazo mwizi angezitaka.

Ukurasa anaoupenda zaidi mwizi unaishia na neno Run. Ukiona kwenye onyo maneno marefu yanayomalizikia CurrentVersion\Run, jua kuna programu inayoandikisha jina lake ili iamke kila mara mtu anapoingia kwenye kompyuta. Virusi vinataka hapo kwa sababu bila hapo, ukizima mashine, mara nyingi havina wa kuviamsha tena. Lakini programu halali nazo huandikwa ukurasa huo huo. Kwa hiyo onyo halisemi, "Huyu ni mwizi." Linasema, "Kuna mtu anaandika jina lake daftarini, je, mnamjua?"

Basi swali la kujiuliza ni hili: dakika hii tulikuwa tunafanya nini? Kama mlikuwa mnaweka programu ya printa kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza, na jina lililo kwenye onyo ni la printa hiyo, ruhusuni. Kama hamkuwa mkiweka chochote, au mmetoka tu kufungua barua ya mtu msiyemjua, au mmechomeka flashi iliyotoka saiba, katazeni. Angalieni pia jina lenyewe. Herufi zilizochanganywa ovyo, au programu inayotoka kwenye folda ya Temp, ni dalili mbaya, ingawa peke yake si ushahidi kamili.

Msipokuwa na uhakika, katazeni. Ukikataza kimakosa, utaiweka programu upya na kuiruhusu. Ukiruhusu kimakosa, mgeni yuko ndani na mlango umefungwa nyuma yake.

Tumetaja flashi kwa makusudi. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoonekana Novemba 2008, kilipita kwenye mitandao na baadaye kwenye flashi pia, na kilijiandika katika rejista ili kisife mashine ikizimwa. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuzuia flashi zisijiendeshe zenyewe kwenye Windows za zamani. Mashine ambayo haijapata marekebisho kwa miaka mingi bado iko wazi.

Mashine mpya haziulizi sana. Microsoft Defender, inayokuja na Windows 10 na 11, mara nyingi huzuia yenyewe kisha ikawaarifu. Maswali mengi yalitoka kwa programu kama Spybot, ambayo sehemu yake iliyoitwa TeaTimer ilikuwa ikiuliza kila badiliko kwenye kurasa hizo, na watu wakachoka wakawa wanabonyeza tu.

Kuna onyo jingine la uongo kabisa. Mko kwenye intaneti, ukurasa unajaa kioo chote na kelele juu, ati rejista yenu imeharibika, pigeni simu namba hii sasa hivi. Ukurasa wa intaneti hauwezi kuijua rejista yenu. Msipige, msilipe. Ufungeni, na ukikataa kufungika, zimeni mashine. Pia msiingie kwenye rejista kufuta vitu kwa mkono. Mstari mmoja ukifutwa vibaya, Windows inaweza kukataa kuwaka.

Mkihofia mmeruhusu mgeni, tolea kompyuta intaneti kwanza, iambieni programu ya ulinzi ikague mashine nzima, na msifungue hesabu za benki hapo mpaka imalize. Nakala ya hesabu ikae kwenye flashi nyingine, nyumbani kwa mweka hazina, si kwenye droo ya meza ile ile.

Wekeni pia daftari dogo kando ya kompyuta: tarehe, jina lililokuwa kwenye onyo, na kitufe mlichobonyeza. Fundi akilikuta, ataanzia hapo. Asipolikuta, atamaliza nusu siku akiuliza maswali, na nusu siku hiyo mtailipia.