Majina ya Mimea na Orodha ya Mimea ya Nchi

Makusudi ya makala haya ni kueleza uhusiano uliopo baina ya kazi mbili ambazo kwa kawaida hutazamwa mbalimbali: kazi ya mtaalamu wa mimea ya kuorodhesha mimea yote ya nchi, na kazi ya mtaalamu wa lugha ya kukusanya maneno na kuyapa maana. Kila mmoja hudhani kuwa mwenzake amekwisha kutimiza sehemu yake. Mtaalamu wa mimea huandika jina la Kiswahili kando ya jina la Kilatini bila kuuliza sana limesemwa na nani na wapi. Naye mtungaji wa kamusi mara nyingi huandika "aina ya mti", kisha akaendelea na neno linalofuata. Baina ya hao wawili jina hupotea, na pengine, kama tutakavyoona, hupotea mtu.

Zamani kazi hizi ziliweza kukutana kwa mtu mmoja. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1890. Na huyo huyo ndiye aliyepeleka Ujerumani lile ua la zambarau la milima ya Usambara ambalo Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Huko huko Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, na hapo ndipo P. J. Greenway alipotengeneza kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1937 na kupigwa chapa ya pili mwaka 1940. Hazina ya mimea iliyokaushwa ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Tangu hapo elimu mbili hizi zimekwenda njia mbili.

Njia ya kwanza imefika mbali. Kazi ya kuandika Flora of Tropical East Africa ilianza mwaka 1948 katika bustani ya Kew, Uingereza. Sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1952, na ya mwisho mwaka 2012. Kwa muda wa miaka sitini ya kuchapa, wataalamu wa nchi nyingi walieleza aina 12,104 za mimea iotayo yenyewe katika Uganda, Kenya na Tanzania.

Nguvu ya kazi hiyo haimo katika wingi wa majina, bali katika kitu kilicho nyuma ya kila jina. Mkusanyaji hukata tawi lenye maua au matunda, akalibana, akalikausha, akalibandika juu ya karatasi nene, na pembeni akaandika mahali, kimo cha ardhi, tarehe, jina lake na nambari. Hicho ndicho kielelezo. Na kila aina mpya inapopewa jina, hapana budi kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa shahidi wa jina hilo daima. Wataalamu wakishindana baada ya miaka mia, hawabishani kwa kumbukumbu; huliendea kabati wakalitazama tawi lenyewe.

Msomaji asidhani kwamba jina la Kilatini ndilo lisilobadilika. Mti wa mvule uliitwa Chlorophora excelsa muda mrefu, na tangu mwaka 1982 umekuwa Milicia excelsa. Migunga yetu ilikuwa katika jamii ya Acacia. Baada ya mkutano wa wataalamu uliofanyika Vienna mwaka 2005, imegawanywa katika Vachellia na Senegalia. Hata Saintpaulia, tangu mwaka 2015, imeingizwa katika Streptocarpus. Seremala hakuwa na habari ya mageuzi hayo, na mvule wake umebaki mvule. Tofauti, basi, si kwamba jina moja hudumu na jingine hubadilika. Tofauti ni kwamba jina la Kilatini likibadilika, njia yake yaweza kufuatwa mpaka kwenye kielelezo. Bali jina la Kiswahili likihama kutoka mti huu kwenda mti ule, hapana alama iliyobaki.

Wala si kwamba Kiswahili hakina upambanuzi. Tutazame miti ya ufukoni, ambayo mgeni huiona kuwa msitu mmoja wa matope. Mwenyeji wa pwani huitenga kama hivi:

mkoko: Rhizophora mucronata, wenye mizizi ya kujitegemeza kama miguu, utoao boriti;
mkandaa: Ceriops tagal, ambao gome lake hutoa rangi nyekundu;
muia, au msinzi: Bruguiera gymnorhiza;
mchu: Avicennia marina, wenye mizizi midogo isimamayo juu ya tope;
mlilana: Sonneratia alba, mti wa mataruma ya vyombo;
mkomafi: Xylocarpus granatum, wenye tunda kubwa la mviringo;
kikandaa: Lumnitzera racemosa.

Hayo ni majina saba kwa aina saba, nayo yametokana na kazi: ujenzi wa nyumba na vyombo, utiaji rangi, na biashara ya boriti zilizokuwa zikipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba. Lakini papo hapo tatizo laonekana. Mahali pengine mikoko ni jina la jamii nzima, na mahali pengine jamii nzima huitwa mikandaa. Mkusanyaji aliyeandika "mkandaa" bila kusema alikuwa wapi ametuachia neno lenye maana mbili, na hatuna njia ya kujua alikusudia ipi.

Iko shida nyingine katika maneno ya sifa. Mpapai dume ni dume kwelikweli, kwa kuwa mipapai mingi hutenga maua ya kiume na ya kike katika miti mbalimbali. Lakini katika majina mengi mengine, dume haielezi uzazi. Husema tu kwamba mti huu wafanana na ule nao si ule. Hali kadhalika neno msitu na neno pori. Mdimu msitu, Suregada zanzibariensis, si mdimu uliokimbilia msituni. Ni mti wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa mihogo na mibarika, ulioitwa hivyo kwa kufananishwa na mdimu. Mwenye kutafsiri jina neno kwa neno atakosea ukoo mzima.

Sasa tufike kwenye madhara. Katika kamusi za zamani na kwa baadhi ya wasemaji, mbono ni mbarika, yaani Ricinus communis. Kwa wengine, na hasa Tanzania siku hizi, mbono ni mbono kaburi, yaani Jatropha curcas. Mbegu za mimea yote miwili zina sumu. Lakini mafuta ya mbarika yakikamuliwa na kusafishwa vema, sumu yake hubaki katika mashudu, nayo mafuta yamekuwa yakinywewa kuwa haluli tangu zamani. Mafuta ya mbono kaburi hayanyweki: ni ya taa, sabuni na mitambo, na mwenye kuyanywa hushikwa na kutapika na kuharisha kukali. Basi mzee akimwambia mjukuu wake, "Kunywa mafuta ya mbono," usalama wa mtoto hutegemea mzee alijifunzia Kiswahili wapi. Na mwandishi wa dawa za miti shamba anayenakili maneno hayo katika kitabu bila kuonyesha mmea wenyewe huyapeleka kwa watu asiowaona, wenye maana nyingine vichwani mwao.

Kwa hiyo naona yatupasa sisi wa lugha kuiga desturi ya wataalamu wa mimea. Jina la mmea lisihesabiwe kuwa limekusanywa mpaka liandikwe pamoja na mambo matano: kielelezo na nambari yake, mahali, lahaja au lugha ya msemaji, matumizi aliyoyataja, na jina la msemaji mwenyewe akiridhia. Hilo la mwisho lisidharauliwe. Karatasi nyingi za hazina zina jina la mkusanyaji, lakini aliyemwongoza msituni na kumtajia mti hakuandikwa, ingawa maarifa yalikuwa yake. Vielelezo viko Nairobi, viko Arusha, viko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ya kuvisoma upya kwa ajili ya majina yake haihitaji safari ya ng'ambo.

Orodha ya aina 12,104 imekamilika kwa Kilatini. Upande wa Kiswahili, waliokuwa wakiitenga miti kwa gome, kwa harufu na kwa mlio wa shoka wanapungua kila mwaka. Nao wakiondoka kabla hatujawauliza wakiwa wamesimama mbele ya mti wenyewe, kamusi zetu zitabaki na "aina ya mti", na hapatakuwa na wa kumwuliza ni aina gani.