Doa Zikiisha, Usiachilie

Mangware moja ya Julai siz wangu mdogo aliniamsha akinivuta mguu. "Bro, kuna mtu amemwagia samaki chumvi." Nikatoka kitandani na usingizi kwa macho, nikamulika tanki na tochi ya fon. Moli mweusi, mathe wa hiyo tanki yote, alikuwa amejaa tudoa tweupe kwa mkia na mapezi, kila kamoja kama punje ya chumvi, hata milimita haifiki. Kwa moli mweusi inaonekana mbio. Kwa goldifishi unaweza maliza siku mbili na hujanotisi kitu.

Stima ilikuwa imepotea tangu juzi jioni, transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka. Hita baridi, pampu kimya. Na si unajua Julai ya Nairobi venye inakuanga: jua inajificha wiki nzima, usiku inashuka mpaka digrii 12 ama chini, na keja za mawe zinaishika hiyo baridi zinakataa kuiachilia. Nikaweka themometa kwa maji. 18. Hawa wasee wamezoea 26.

Hiyo peke yake ingewasumbua, lakini kulikuwa na kitu ingine ilinikaa roho vibaya. Jumamosi nilikuwa nimetoka tao na gapi watatu kwa mtungi, rangi kali, mikia kama leso, na nilipofika kejani nikawamwaga kwa tanki moja kwa moja, wao na maji yao. Baridi ilifungua tu mlango. Mgonjwa nilimleta mimi, kwa mat, nimemshikilia kwa magoti.

Huyo mdudu anaitwa Ichthyophthirius multifiliis. Ukiipasua hiyo jina unapata chawa wa samaki mwenye watoto wengi, na Mfaransa anaitwa Fouquet ndiye aliiandika 1876. Kwa ukweli si chawa, ni kiumbe cha seli moja kimefunikwa tunywele tudogo twa kuogelea. Lakini hiyo maneno ya watoto wengi, hapo Fouquet aligonga ndipo.

Nikapigia msee wa duka pale nilinunua gapi. Akanishow nifungue kapsuli mbili za antibiotiki za kemisti nimwage kwa maji. Nilikuwa nishavaa viatu niende nizibuy. Mzae wa ploti ya nyuma, ambaye amefuga samaki tangu kabla nizaliwe, ndiye alinishika mkono. Antibiotiki inaua bakteria, na huyu si bakteria. Tena ukiimwaga inaweza fagia zile bakteria poa zinaishi kwa filta, zile zinakula amonia ya mavi ya samaki. Sasa samaki wako anabaki na mdudu yuleyule, na maji imekuwa sumu juu yake.

Akanikalisha kwa stuli. "Kijana yangu, hiyo doa unaona sio hiyo utaua." Nilimuuliza arudie, juu sikushika.

Iko hivi. Hiyo doa nyeupe ni mdudu akiwa ndani ya ngozi ya samaki, amefunikwa, anamanga taratibu. Hapo amefunga geti na dawa yako haina funguo. Akishiba anapasua ngozi, anatoka, anazama chini kwa changarawe, anajifunga na ganda ya utelezi. Hapo pia humgusi. Ndani ya hiyo ganda anaanza kujigawa: wawili, wanne, nane, mpaka wanafika mia kadhaa, wengine hadi 1,000. Ganda ikipasuka, hao wote wanatoka wakiogelea wakisaka samaki, na wana kama siku mbili tu. Asipopata wa kuingia, anadedi. Hiyo dirisha, akiwa anaogelea bila ngozi ya mtu wala ganda, ndiyo pekee chumvi ama dawa inamnyita.

Nilitulia hapo kidogo. Wasee wengi wamepoteza tanki nzima si ati walikosa dawa, ni juu walikuwa wanaangalia samaki badala ya kuangalia changarawe. Samaki ana doa, wanaweka dawa, siku ya nne doa zimeisha, wanapiga sherehe, wanaacha. Na hiyo siku ya nne ndiyo mdudu ako chini kwa ganda anazaa.

Joto ndiyo inaamua hiyo mzunguko inaenda mbio aje. Kwa digrii 24 mpaka 26 inamaliza siku 3 hadi 6. Kwa 15 na kitu inachukua kama siku 10. Kwa 10 inachukua wiki kadhaa. Kwa hivyo maji baridi haimuui, inamchelewesha tu, na wewe unakaa wiki baada ya wiki ukingoja atoke kwa ganda. Ukipandisha joto unamharakisha aingie kwa maji pale chumvi inamngoja. Na ukifika 30 hivi, wengi wao wanashindwa hata kuzaa.

Mpaka stima irudi ilibidi tutumie akili. Tulifunga tanki na blanketi ya Maasai pande tatu, tukajaza machupa maji moto, tukafunga kabisa, tukaziweka zielee juu, tukizibadilisha kila zikipoa. Siz alikaa na kikombe akichota maji akiirudisha kutoka juu ndio hewa iingie. Lisaa lizima. Alikataa hata kwenda kunywa chai.

Stima iliporudi jioni nikawasha hita na kupandisha digrii moja kila masaa machache, pole pole, juu kuruka ghafla pia kunaumiza samaki. Hapa kuna kitu wasee wa Nairobi tunafaa kushika: maji moto inabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na sisi tayari tuko juu, mita karibu 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Msee wa Mombasa na msee wa Umoja wakiweka tanki kwa 30, samaki wa Umoja ndiye atahema kwanza. Kwa hivyo pampu ya hewa iwake usiku na mchana, na maji ya filta ianguke kutoka juu ipige kelele.

Chumvi sasa. Gramu 2 kwa kila lita. Tanki yangu ni lita 60, so 120, na msee wa duka ya kona alinipimia kwa mizani yake. Nikaigawa mara tatu kwa siku mbili, kila mara nikiiyeyusha kwanza kwa jagi, juu punje ikimwangukia samaki inamchoma. Chumvi haipandi na mvuke. Ukitoa lita 15 unarudisha gramu 30, basi, usirudie dozi nzima. Moli na gapi wanaipenda. Lakini kama una samaki wa jamii ya kambare ama lochi, anza na nusu, na mimea mingine itakauka tu.

Kila siku ya pili nilifyonza changarawe na mpira, lita 15, nikitoa hizo ganda zikiwa bado zimefungwa. Maji mpya lazima ikae kwa ndoo wazi siku nzima ndio klorini ya maji ya mfereji itoke, alafu uipashe ifike joto ya tanki. Hii ndiyo kazi yenyewe. Inachosha mgongo kuliko dawa yoyote, na naamini ndiyo iliwaokoa.

Gapi wawili walidedi siku ya tatu. Mmoja hakuwa na doa hata moja, na hiyo iliniuma mpaka nikaelewa: mdudu anaweza kaa kwa matamvua pekee, ndani, pale hauoni. Dalili yake ilikuwa imekaa wazi kutoka mwanzo. Alikuwa anahema juu ya maji, mapezi ameyabana, na mara kwa mara anajisugua kwa jiwe kama mtu anawashwa. Ukiona samaki wako anajisugua, usingoje doa.

Siku ya tano moli alikuwa safi. Mweusi tii, anang'aa. Siz akarukaruka, akaniuliza kama sasa tunaweza toa chumvi. Nikamshow hapana, tunaenda mpaka siku ya 14. Siku ya saba doa tatu zikarudi kwa mkia wake, tatu tu. Watoto wa mdudu walikuwa wametoka kwa changarawe, na wengi wao walikuta chumvi. Baada ya hapo hazikuonekana tena.

Kabla utoke mbio na chumvi, angalia vizuri. Goldifishi dume akifika wakati wa kuzaa anaota tudoa tweupe kwa kifuniko cha matamvua na mbele ya mapezi ya kifuani, zimepangana, ngumu. Huyo si mgonjwa, anatafuta dem. Mwache. Doa za ugonjwa zinamwagika ovyo, mkia, mgongo, hata jicho.

Kuna dawa ya dukani pia, kijani ya malakaiti, mara nyingi imechanganywa na fomalini. Inafanya kazi. Vaa glavu, toa makaa kwa filta juu yatainyonya yote, na fuata maandishi ya chupa. Ile ya shaba nayo inaua konokono na kamba wote kwa tanki. Na kama una angko mwenye bwawa ya ngege huko Vihiga ama Siaya na amekusikia ukiisifu hiyo ya kijani, mwambie wazi asiiguse. Inabaki kwa nyama, inashukiwa kuleta kansa, na nchi kibao zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa.

Yule gapi mmoja aliyebaki, pamoja na moli na wengine, sasa wana kinga. Samaki akipona huyu mdudu mwili wake unamkumbuka, akirudi hampati rahisi. Lakini samaki mpya hana hiyo bahati, na anaweza kuja amembeba.

Ndio maana saa hii kwa korido kuna ndoo ya lita 20, na pampu yake ndogo, na neti yake, na mpira wake, hakuna kitu inatoka hapo ikiingia kwa tanki, juu hata neti yenye maji inaweza mbeba. Ndani kuna gapi wanne wapya. Siz amechukua mkaa akachora ukutani mstari mmoja kila mangware, na amesema hawahami mpaka mistari ifike 28. Leo iko tisa. Asubuhi nilitaka kuwaangalia karibu kidogo, nikaambiwa ninawe mikono kwanza.