Risasi ya Owino Uhuru: daktari, mwanafizikia na wakili wote walihitajika

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, maskani za huku Chaani mjadala huwa ni ule ule. Huyu anasema sheria ndiyo kozi, wakili halali njaa. Yule anasema udaktari, wagonjwa hawaishi. Akitokea mmoja aseme ataka kusoma fizikia, watu humtazama kama aliyesema anaenda kufuga mamba. "Fizikia utaila?"

Sasa hebu niazime dakika tano nikuonyeshe kitu. Sikupeleki mbali. Nakupeleka Mikindani, mtaa wa Owino Uhuru, ambapo kwa miaka kadhaa hayo masomo matatu yalilazimika kukaa meza moja. Kama wewe ni mtu wa Changamwe au Jomvu, jina hilo walijua. Lakini huenda hujui kesi yenyewe ilishindwa na kushindika vipi.

Mwaka wa 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa mtaa huo. Ndani ya betri ya gari mna madini ya risasi. Jina ni moja na risasi ya bunduki kwa sababu hata hiyo hutengenezwa kwa madini hayo hayo. Ukivunja betri, ukayatoa, ukayayeyusha, unapata vipande vya kuuza. Biashara halali kabisa ikifanywa inavyotakiwa. Ikifanywa ovyo, moshi unabeba vumbi la risasi, na maji ya asidi yanatiririka hadi mlangoni kwa watu. Na Owino Uhuru wanaishi watu wapatao 3,000, bati kwa bati.

Phyllis Omido aliajiriwa ofisini katika kiwanda hicho mwaka wa 2009. Mwanawe mchanga akaugua. Hospitalini wakatafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, wapi. Mpaka damu ilipopimwa risasi ndipo jibu likapatikana. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kubisha milango ya maofisi pamoja na majirani. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Hapo wengi huishia. Mimi nataka tuendelee, maana kufunga lango ni kitu kimoja na kuthibitisha mahakamani ni kitu kingine.

Daktari alileta nini

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi. Shida ni kwamba unaidanganyika nayo. Risasi hujifanya kalsiamu, ile inayojenga mifupa, basi mwili unaipokea na kuihifadhi. Kwenye damu hukaa wiki kadhaa, kwenye mifupa hukaa miaka na mikaka. Ikifika kwa ubongo wa mtoto mdogo, inaharibu uwezo wa kujifunza na kutulia, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mtoto pia hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Sasa ona mtego: dalili zake ni tumbo kuuma, kutapika, uchovu, damu kupungua. Nani mtaani hajawahi kuwa na hizo? Usipopima damu, utakunywa dawa za malaria mpaka uchoke.

Lakini hata ukipima, daktari anakuambia tu kwamba mtoto ana risasi. Hakuambii imetoka wapi. Mtu wa kiwanda anaweza kusema ni rangi ya ukutani, ama ni petroli ya zamani, ama ni bahati yako mbaya. Ndiyo maana watafiti walifanya kitu rahisi na cha akili sana. Mwaka wa 2015 walichukua watoto 130 wa chini ya miaka mitano, nusu Owino Uhuru na nusu mtaa wa Bangladesh, ambao pia uko Mikindani. Maisha ya mitaa yote miwili ni ya kubangaiza, tofauti kubwa ni kile kiwanda. Wastani wa risasi kwenye damu ukawa mikrogramu 7.4 kwa desilita Owino Uhuru, na 3.7 Bangladesh. Mara mbili. Na kumbuka hapo kiwanda kilishafungwa.

Udongo pia ulipimwa, na wa Owino Uhuru ukakutwa na risasi nyingi kuliko wa Bangladesh. Hapo sasa ndipo yule wa fizikia anapoingia.

Mwanafizikia alileta nini

Udongo wenye risasi hauna rangi yake wala harufu yake. Utaujuaje? Njia moja ni kuupiga kwa eksirei. Kila elementi ikipigwa hivyo hurudisha eksirei zake yenyewe, zenye nguvu yake maalum, kama vile unavyomjua rafiki yako kwa sauti kabla hujamuona. Chuma kina yake, zinki ina yake, risasi ina yake. Siku hizi kuna vifaa vya namna hiyo vya kushika mkononi mfano wa bunduki: unaelekeza chini, unasubiri kidogo, inakusomea.

Aliyepanga elementi kwa sauti zao hizo ni Henry Moseley, Mwingereza, mwaka wa 1913. Alikuwa na miaka 25. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani huko Gallipoli. Kijana huyo hakuwa anafikiria betri wala Mombasa. Alitaka tu kujua atomu imekaaje.

Mwingine ni Clair Patterson wa Marekani. Yeye alitumia risasi iliyomo kwenye vimondo kutafuta umri wa dunia, na mwaka wa 1956 akatangaza miaka bilioni 4.55. Kilichomsumbua kazini ni kwamba kila alichopima kilikuwa kimechafuliwa na risasi, hadi hewa ya maabara. Akafuatilia, akakuta nyingi inatoka kwa petroli, akapigana na makampuni miaka mingi. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia 2006, na mwaka wa 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, likatangaza kwamba imeisha duniani kote.

Wakili alileta nini

Damu imepimwa, udongo umepimwa. Bila sheria, hizo ni karatasi za kabatini. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa ama ikitishiwa, tena bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu tayari ameumia. Soma tena hapo. Huhitaji kungoja mtoto augue.

Kesi ya Owino Uhuru iliwasilishwa 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni na udongo usafishwe. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa 2007 alikuwa na miaka 17 siku hiyo.

Na risasi haiozi. Ni elementi. Mvua haiimalizi, jua haliichomi. Hukumu inaweza kupiga muhuri asubuhi, na jioni mtoto akacheza kwenye udongo ule ule mpaka mtu aende auondoe.

Sasa wewe je?

Mimi chuo niliacha njiani kwa sababu ya karo, kwa hivyo sikuambii haya kama profesa. Nakuambia kwa sababu huku kwetu kuna gereji, kuna wanunuzi wa vyuma kuukuu, kuna mabohari ya mafuta, na vijana wenzetu ndio wanaoshika hizo betri kwa mikono mitupu. Kama ni kazi yako, usivunje betri uani. Nawa mikono kabla ya kula. Badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto, maana vumbi linakwenda nyumbani na wewe.

Na kiwanda kipya kikija karibu na ploti yenu, uliza ripoti ya tathmini ya mazingira iko wapi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na hakikuulizi digrii. Andika barua, weka nakala, mwambie na jirani naye aandike yake.