Je, wajua? Neno la Kiingereza hupata irabu likiingia Kiswahili

Simama mizani ya Vigwaza, barabara ya Morogoro, usikilize madereva wakizungumza: lori, trela, kontena, breki, injini. Yote yametoka Kiingereza, na yote yanaishia kwa irabu, kwa sababu Kiswahili hupenda silabi ya mwisho iwe wazi.

Irabu hiyo haiokotwi ovyo. Neno likiishia kwa konsonanti ya midomo, mara nyingi hupata u: timu, balbu, pampu. Zilizobaki kwa kawaida hupata i: benki, tiketi, dizeli. Herufi r ya mwisho ndiyo inayonivutia zaidi. Waingereza wengi hawaitamki, basi sikio la Mswahili likasikia a tu. Ndivyo tulivyopata dereva, mita na kompyuta. Walioyapokea maneno haya waliyasikia kwanza, hawakuyasoma!

Kijerumani nacho kilipitia mlango huohuo. Heller, sarafu iliyoanza kutumika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, ndiyo hela yetu ya leo.

Yapo majina yaliyobaki na konsonanti, mfano Dar es Salaam. Lakini neno hilohilo la Kiarabu, salaam, tukilituma kwa ndugu, linakuwa salamu.