Pochi ya kiunoni kwa mteja wa khanga: angalia mkanda kabla ya urembo

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee pochi za kiunoni. Siyo za vijana wa jinzi, hao mifuko wanayo tayari. Naongelea mteja ambaye nguo yake haina mfuko hata mmoja: mama wa khanga, dada wa kitenge cha kufunga, kaka wa shuka, mzee wa kikoi.

Hapa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, mama anayeuza nyanya hela yake anaifunga kwenye pindo la khanga au anaifutika kibindoni. Noti zinakaa. Simu haikai. Na siku hizi hela yenyewe iko kwenye simu, pamoja na namba za wateja wote. Ikichomoka kiunoni akiwa kwenye boda, mtaji umeenda. Ndiyo maana anakutafuta inboksi, na ndiyo maana ukimtumia pochi isiyofaa hatarudi tena kwako.

Khanga imeshikwa na mkunjo wake tu. Ukining'iniza kitu kizito kwenye mkunjo, nguo inashuka. Kwa hiyo pochi yoyote ya kuchomeka kwenye nguo kwa klipu, achana nayo. Chukua yenye mkanda wake kamili, upana kama sentimita 4, unaopita juu ya khanga na kuibana. Hapo mteja anapata faida mbili, pochi na mkanda, na hilo liandike kwenye tangazo.

Waskoti wana shida hiyohiyo. Sketi yao ya kiume, kilti, haina mifuko, kwa hiyo wanavaa kipochi mbele kinachoitwa sporani. Kwa Kigaeli neno hilo maana yake ni pochi tu, hamna siri. Wanayo ya ngozi ya kawaida kwa kila siku na ya manyoya kwa sherehe. Nyingi zinafungwa kwa mnyororo. Sasa usiige mnyororo! Kilti ni sufu nzito. Khanga ni pamba nyepesi, mnyororo utaisugua mpaka itoboke.

Kitu ambacho wauzaji wengi hawakiangalii ni kifungo cha mkanda kiko wapi. Pochi nyingi za dukani zinafungwa mgongoni. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, kile kifungo cha plastiki kinamkandamiza mtoto, halafu mbeleko imekaa juu yake, kukifungua mpaka amshushe mtoto kwanza. Tafuta pochi inayofungwa ubavuni. Kama huipati, mpe fundi cherehani akate mkanda na kuhamisha kifungo, kazi yenyewe ni ndogo. Na pochi iweze kuzungushwa kiunoni: mbele akiwa amesimama, ubavuni akikaa kwenye kigoda au akipanda boda. Wewe mwenyewe ivae, inama, kaa chini, nyanyuka. Ikikuchoma tumboni, na yeye itamchoma.

Vipimo chukua kwa ndani. Simu kubwa yenye kava inafika karibu sentimita 17 kwa 8, na zipu mara nyingi ni fupi kuliko pochi yenyewe, kwa hiyo pima mdomo wa zipu. Iwe na vyumba viwili, maana sarafu za 200 na 500 zikichanganyika na simu kioo kinachubuka. Velkro mimi siipendi: sokoni ikifunguliwa kila mtu anageuka kuangalia hela zinatoka wapi. Zipu ni bora.

Urefu wa mkanda pia. Mwezi wa Juni na Julai mteja wa Iringa au Mbeya anavaa sweta na khanga mbili. Usimuulize "kiuno namba ngapi", mwambie ajipime akiwa amevaa nguo zake za kazini.

Kuna wanaouliza vipochi vya milulu, kama vikapu vyetu vya Iringa. Vinapendeza, mtalii aliyekuja kwenye makumbusho ya Mkwawa atanunua. Kwa kazi ya sokoni hapana, vinakwaruza nguo na havifungiki vizuri. Ngozi ya mbuzi iliyolainishwa vizuri, yenye bitana ndani, inadumu. Yenye manyoya ikinyeshewa inanuka, na mvua zetu mnazijua.

Kwenye ngozi, hapa tuwe makini kweli. Mtu akikuletea pochi ya ngozi ya swala, pundamilia au chui kwa bei poa, usipokee hata kwa ajili ya kupiga picha. Hizo ni nyara za Serikali. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa nazo bila kibali ni kosa, na picha uliyoposti ni ushahidi umejitengenezea mwenyewe. Huko Uskoti nako, tangu 2007 mwenye sporani ya manyoya ya mnyama anayelindwa, kama fisi maji, anaweza kutakiwa kuwa na kibali. Wewe uza ya mbuzi au ng'ombe, na uandike hivyo.

Sasa hesabu. Tuseme pochi umeinunua 9,000, unauza 15,000, na kifurushi cha basi kwenda kwa mteja wa Mwanjelwa ni 4,000 ambayo analipa yeye. Ikirudi kwa sababu simu haiingii, 4,000 ya kurudisha ni yako, na ya kutuma nyingine pia ni yako. Jumla 8,000, wakati faida ilikuwa 6,000. Kwa hiyo piga picha simu ikiwa nusu ndani ya pochi, rula pembeni, na kabla hujafunga mzigo mwandikie:

"Habari mama. Simu yako ni aina gani? Kiuno ukiwa na sweta na khanga ni sentimita ngapi? Huwa unabeba mtoto mgongoni? Nikipata majibu nakufungia leo, basi la kesho asubuhi."